Mikufu ya Kikanisa cha Finsterbach

Finsterbach, 6 Februari 1881

Kwa mdogo wangu Korbinian,

Salamu nyingi zikufikie huko mjini. Natumaini hujambo, na kile kifua chako cha kila majira ya baridi kimetulia. Sisi huku wazima, ukitoa goti langu, na ng'ombe mmoja aliyeamua kutotoa maziwa mpaka Pasaka. Theluji imefika kwenye dirisha la jikoni. Jarida lako la upasuaji nimepata matoleo yote manne, ahsante. Yanafunga jibini vizuri kuliko gazeti la padre, maana wino wake hautoki.

Ama baada ya salamu, majuzi ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Blasi, mlinzi wa koo. Padre alitupitishia mishumaa yake miwili shingoni, mmoja mmoja. Baadaye nikabaki peke yangu kufagia, na nikaihesabu ile mikufu ukutani. Sasa ni kumi na mmoja. Padre ananiuliza, mingine tutaitundika wapi, ukuta umejaa. Nikamwambia apige misumari upande wa pili, maana mdogo wangu hana mpango wa kuacha.

Unajua mwenyewe jambo hili linavyokwenda. Mwanamke wa bonde letu akiota rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingo, anavaa mkufu mpana wa fedha kulifunika. Akija kwako ukamkata, anarudi shingo nyeupe, na mkufu anamwachia Mtakatifu. Wasichana hawazungumzi habari nyingine. Afra wangu naye ni hivyo hivyo. Rovu lake limekua tangu kiangazi, usiku anakoroma kama baba yake marehemu, na arusi yake na Vitus wa kiwanda cha mbao imepangwa Oktoba. Anataka uje umkate Juni.

Nisingekuwa na neno, ila namwona Ottilie wa mwoka mikate. Umkumbuke: ulinisifia ujasiri wake. Mkufu wake ulikuwa wa tatu kutundikwa, mwaka juzi. Sasa hata Julai anakaa kando ya jiko na shali mbili, uso umemvimba, na ukimwamkia unaweza kumaliza Baba Yetu kabla hajakujibu. Mama yake anasema ni mapenzi. Mimi nimeona watu wa mapenzi, hawafanani na mfu. Niambie wewe ni nini, halafu nitajua la kumwambia Afra.

Dada yako,
Kreszenz


Rothmünster, 2 Machi 1881

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kujua mko wazima. Kifua changu hakina tatizo. Barua yako nairudisha humu ndani, nimeipitia kwa wino mwekundu kama kawaida. Usikasirike. Mwaka wa tisa huu nahariri maandishi ya maprofesa, na wao pia hukasirika. Maneno "hawafanani na mfu" nimeyakata, si kipimo.

Sasa nikujibu. Mpaka leo nimetoa rovu kwa watu kumi na tisa, kutoka bonde letu na mabonde ya jirani. Nalitoa lote, tezi nzima, kwa sababu ukiacha kipande linaota tena na mgonjwa anarudi kulaumu. Hakuna aliyekufa. Kwa wenzangu, mmoja kati ya watano hufa. Wote wametoka kwa miguu yao siku ya kumi na mbili, na daftari limeandika "ametoka amepona". Hivyo ndivyo hospitali zote zinavyohesabu: hesabu ya mgonjwa hufungwa anapopita getini. Bila utaratibu huo tungekuwa tunamwandika mtu mpaka anakufa kwa uzee.

Kuhusu Ottilie, uchunguzi mmoja si uchunguzi. Kama una hoja, kanuni za jarida ni hizi, nami siziachi hata kwa rafiki: jina au herufi za mgonjwa, umri, tarehe ya upasuaji, tarehe aliyoonwa, na kile kilichoonekana kwa macho, si kilichosimuliwa na jirani. Mwandishi aweke jina lake mwenyewe.

Mlete Afra. Nitamkata kwa mikono yangu, simwachii msaidizi. Baba alinyoa ndevu, akang'oa meno na kuumika watu wa bonde lile miaka thelathini kwa kisu kimoja. Angefurahi kuona tulipofika.

Mdogo wako,
Korbinian


Finsterbach, 24 Aprili 1881

Kwa mdogo wangu Korbinian,

Salamu. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Ng'ombe ametoa maziwa, goti halijapona. Afra anakusalimu, mjomba wake.

Umemtaja baba, na mimi nimekumbuka jambo ambalo huenda umelisahau kwa kuondoka mapema. Baba alikuwa na mkono mzito, na wengine aliwaumiza. Lakini aliyemkata Jumatatu, Alhamisi alikwenda kwake na mkoba, akamtazama, akanywa supu pale. Hakuwa na geti, sasa angewahesabia wapi. Basi na mimi nimevaa viatu vya baba. Kwa wiki tatu nimepita nyumba zote kumi na moja zenye mkufu kikanisani, na hii hapa orodha, kwa kanuni zako. Tarehe za upasuaji nimezichukua kwenye zile karatasi mnazowapa wakitoka. Sikuandika la jirani hata moja, ingawa majirani walikuwa nalo tele.

Sitairudia yote kwenye barua, iko kwenye karatasi yake. Ila usome mstari wa pili, Ottilie. Usome wa tano, Genoveva, miaka thelathini na mmoja. Alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya, sasa anaongea kama ana uji wa moto mdomoni na nywele zinamtoka kwa kitana. Usome wa saba, Walburg, miaka kumi na minne. Ulimkata akiwa na kumi na miwili. Nimemsimamisha kwenye mlango wa kwao ambapo baba yake humpigia alama kila Krismasi. Alama ya mwisho ni ya Krismasi kabla ya kisu, na kichwa chake bado kiko pale pale. Hajaongeza hata kidole.

Jumla ni wanane, wote namna moja: baridi, uvimbe wa uso na mikono, uzito wa ulimi na wa mawazo. Sijawahi kuona ugonjwa unaochagua kwa mikufu.

Watatu ni wazima kabisa. Ni mstari wa nne, wa tisa na wa kumi na moja. Wanacheka, wanazaa, wanagombana na waume zao. Kwa hao watatu niliwagusa shingo, na chini ya kovu pana kitu kama yai la njiwa. Sijui maana yake. Nimekiandika kwa sababu nilikigusa.

Iweke jaridani. Jina langu nimeliandika chini, kama ulivyotaka. Halafu niambie kama nimlete Afra, maana naogopa, na nalisema wazi ili usilikate kwa wino.

Dada yako,
Kreszenz


Rothmünster, 19 Mei 1881

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa goti. Orodha yako nimeisoma mara mbili, na nairudisha.

Imeandikwa vizuri kuliko nyingi ninazopokea. Haiwezi kuchapishwa. Kwanza, mwandishi si daktari. Pili, na hili ndilo kubwa, daktari yeyote akiiona atasema neno moja: ni mabonde yale. Kila kitabu kimeandika kwamba mabonde ya marovu huzaa watu wafupi, wavimbaji, wazito wa akili, tangu kabla ya kisu changu na cha baba. Utamwonyeshaje mtu kwamba hawa wanane wasingekuwa hivyo hata bila mimi? Mtu mzito katika Finsterbach si habari. Watatu wazima hawathibitishi kitu.

Sitaki kukuficha hali yangu. Njia hii ya kutoa tezi nzima inaitwa kwa jina langu sasa. Hospitali za miji sita zinaifuata kwa maelezo niliyochapisha. Mji mkuu wanatafuta profesa wa upasuaji, na jina langu liko kati ya mawili. Mhariri anayechapisha orodha ya dada yake dhidi yake mwenyewe atachekwa, na jarida litachekwa pamoja naye.

Kuhusu Afra, amua mwenyewe. Kitanda nimemwekea tarehe 14 Juni. Rovu likizidi litambana koo, hilo nalo ni kweli.

Mdogo wako,
Korbinian


Finsterbach, 9 Juni 1881

Korbinian,

Nakusalimu kwa haraka. Afra ameondoka alfajiri na gari la maziwa. Sikumruhusu, wala sikumfunga. Amesema, "Mama, mimi siwezi kuingia kanisani na kola ya ng'ombe shingoni." Wiki hii ameamka mara mbili akitafuta pumzi.

Sikuombi kitu kama mhariri, huko umeshanijibu. Nakuomba kama mjomba wake.

Dada yako


Rothmünster, 16 Juni 1881

Kwa dada yangu,

Shikamoo. Afra alipasuliwa Jumanne, saa tatu asubuhi. Hana homa. Anakunywa mchuzi na kulalamika kwamba hauna chumvi. Atatoka tarehe 26.

Mdogo wako,
Korbinian


Finsterbach, 5 Februari 1882

Kwa mdogo wangu Korbinian,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Natumaini mwaka mpya umekuanzia vizuri. Sisi tuko. Afra ameolewa Oktoba, zawadi yako ya sahani imefika, moja tu imevunjika, na aliyeivunja ni Vitus. Ana mimba ya miezi mitatu. Anapanda ngazi ya ghala mbiombio na mimi napiga kelele chini. Shingo yake safi, mkufu wake uko ukutani, wa kumi na mbili. Kwa hayo nakushukuru, na shukrani hii ni ya kweli, uishike kabla hujasoma yanayofuata.

Barua yako ilipofika kwamba Afra hana homa, na baadaye aliporudi amepona, wasichana wanne wa hapa walikuja kwako. Walikuja kwa sababu ya Afra. Walimtazama yeye, hawakumtazama Ottilie. Wa kwanza ni Ludovika, mpishi wa padre, mwenye mdomo kuliko wote hapa kijijini. Ulimkata wiki ile iliyofuata, kabla Afra hajarudi. Sasa ni Februari, na padre anakula supu baridi kwa sababu Ludovika anasimama mbele ya jiko na mwiko mkononi na hajui alikuwa anafanya nini. Wengine watatu wanaanza. Wa mwisho ni wa Novemba, yeye bado analalamika baridi tu, na huku kila mtu analalamika baridi, kwa hiyo mama yake ana matumaini.

Jana nilikuwa nikimwosha Afra nywele. Nikapitisha kidole gumba chini ya kovu lake. Pana kitu kama yai la njiwa.

Nilikaa chini. Afra akauliza kama nimechoka. Nikasema ndiyo.

Halafu nikaenda kuchukua jarida lako la Januari, nilikuwa nimeshalitayarishia jibini la Jumamosi. Hilo sikulifungia kitu, nililisoma. Lina jedwali lako: "Marovu ishirini na saba yaliyotolewa yote, hakuna kifo." Umepanga kwa tarehe, Jumanne baada ya Jumanne. Pana tarehe 7 Juni. Pana tarehe 21 Juni, huyo ndiye Ludovika. Tarehe 14 Juni haipo. Binti yangu hayumo kwenye hesabu yako, na hakuwa amekufa wala kutoroka kitandani. Hayumo kwa sababu kwake hukutoa yote.

Kwa hiyo orodha yangu uliiamini. Uliirudisha na wino mwekundu, ukaiamini. Wiki iliyofuata ukamlaza Ludovika kwenye meza ile ile ukamtoa yote.

Na mimi nina lawama yangu, sitaikwepa. Nilikuomba kama mjomba, ukanisikia kama mjomba. Kumbe mhariri naye alikuwa chumbani, akasikia kila kitu, akanyamaza. Ningeomba kwa ajili ya wote. Niliomba kwa ajili ya wangu. Mwamba ngoma huvutia kwake, na tuliivuta ngozi hiyo watu wawili.

Nijibu, Korbi.

Dada yako,
Kreszenz


Finsterbach, 21 Mei 1882

Korbinian,

Sikuulizi hali. Miezi mitatu na nusu hujajibu, na barua za hapa hazipotei, mtu wa posta ni binamu yetu.

Msichana mmoja tena amerudi kutoka kwako mwezi uliopita, akaja na mkufu wake, akaniomba msumari. Sikumpa. Nimempokea mkufu mkononi, na kisha nimeishusha mingine. Padre alinikuta juu ya ngazi. Akasema, "Mama Kreszenz, hizo ni shukrani za watu kwa Mtakatifu." Nikamwambia Mtakatifu anajua kama amewaponya au hajawaponya, atanisamehe.

Nimeacha minne tu ukutani: ile mitatu ya wazima, na wa Afra. Mingine kumi na mitatu iko kwenye sanduku hili. Kila mmoja nimeufungia kipande cha kitambaa chenye jina, umri na tarehe. Kanuni zako zote nimezifuata.

Dada yako


Rothmünster, 11 Juni 1882

Kwa dada yangu,

Shikamoo. Sanduku limefika. Liko juu ya meza yangu ya uhariri, na nimelazimika kuhamishia maandishi ya watu sakafuni.

Nitaeleza kwa utaratibu. Ile Jumanne upande wa kulia ulikwenda vizuri. Nilipofika upande wa kushoto mkono ulisimama. Nilikuwa naiona karatasi yako: mstari wa nne, wa tisa, wa kumi na moja. Hao watatu nilikuwa nawajua kabla hujaniandikia. Kwao mshipa ulivuja, nikaogopa, nikaacha kipande na kufunga. Nikaona aibu, daftarini nikaandika "yote". Uliponiletea yai la njiwa mara tatu nilielewa siku ile ile. Yale niliyokuandikia Mei kuhusu mabonde niliyaandika nikiwa nimeshaelewa, au nusu, sijui kupima hilo. Kwa Afra nilimwambia msaidizi kwamba damu inasumbua, tutaacha kipande. Hapakuwa na damu yoyote. Kisha nikalifuta jina lake kwenye jedwali ili lisiharibu safu.

Baada yake nimewatoa yote watu saba, watano ni wa kwenu. Utaniuliza kwa nini. Kwa sababu kumwachia Ludovika kipande kungekuwa kujibu swali ambalo hakuna aliyeniuliza hadharani. Nilijiambia nangoja idadi itoshe. Kwenye vita vya mwaka sabini nilikata miguu zaidi ya mia mbili, na niliwahesabu kwenye mlango wa gari la majeruhi: huyu hai, huyu hai. Sikumwona hata mmoja akitembea na gongo nyumbani kwake. Nadhani niliizoea hesabu ile, ilikuwa nzuri kwangu.

Tangu sanduku lifike sijatoa tezi ya mtu. Dawa ya kuwarudisha hao kumi na watatu sijui, wala hakuna anayejua.

Humu ndani kuna kurasa mbili za majaribio za toleo la tarehe 1 Julai. Ni makala yangu. Inasema kutoa tezi yote kunamharibu mtu, wote waliofuata njia yangu waache mara moja, na waache kipande. Orodha yako, niliyoinakili kabla ya kuirudisha, imo nzima, na jina lako chini yake. Nimeweka pia kalamu ya wino mwekundu. Tafadhali ipitie wewe.

Mdogo wako,
Korbinian


Finsterbach, 17 Juni 1882

Kwa mdogo wangu Korbinian,

Salamu. Natumaini u mzima, na safari hii namaanisha. Ludovika amehamishiwa kwa shangazi yake. Padre sasa anapikiwa na mimi, kwa hiyo analalamika kwa sababu nyingine.

Kurasa zako nimezisoma mara tatu, mara moja kwa sauti. Ni nzuri. Maneno yake ni makavu na hayaogopi. Nimesahihisha mahali pamoja tu.

Mstari wa nane umeandika: "Tangu mwanzo wa mwaka 1882 mwandishi ameanza kushuku." Nimekata. Pembeni nimeandika kwa mkono wangu: 14 Juni 1881. Na neno "kushuku" nimelibadili, nimeweka "kujua".

Najua unachokiona hapo. Ukiandika mwanzo wa mwaka, wewe ni bingwa aliyegundua kosa lake mapema akalitangaza, na mji mkuu watakupigia makofi. Ukiandika tarehe ile, kila mtu atafungua jedwali la Januari, ataona pengo, atauliza alikuwa nani, na ataambiwa ni mtoto wa dada yake. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Watalisema hilo kwa lugha yao, na watakuwa na haki.

Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba uchunguzi hauna maana bila tarehe yake.

Nakupenda, mdogo wangu. Hilo halibadilishi tarehe.

Dada yako,
Kreszenz


Rothmünster, 15 Julai 1882

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakutumia toleo la Julai. Mchapaji alidhani sahihisho ni kosa la kalamu, akaja mwenyewe kuniuliza. Nikamwambia achape kama lilivyo.

Yaliyofuata ni haya. Hospitali nne zimeandika kwamba zimeacha. Moja imesema ilikuwa na wagonjwa wawili wamelazwa kwa asubuhi ya kesho yake, wakabadili mpango. Madaktari watatu wameniandikia matusi, mmoja wao nilimfundisha kushika kisu. Jina langu limeondolewa kwenye nafasi ya mji mkuu. Wenye jarida wamepata mhariri mwingine kuanzia Septemba, kijana hodari, anasoma polepole. Hapa chuoni wameniachia darasa, chumba cha upasuaji wamempa mwingine kwa sasa. Sina malalamiko kwa lolote kati ya hayo.

Mkufu wa Walburg ni mdogo kuliko yote. Nilidhani umekatwa, nikaupima. Haujakatwa, ni wa mtoto.

Ningependa kuja Finsterbach mwezi wa nane. Sijafika tangu tumzike baba. Sijui kama itafaa nikuletee sanduku nyumbani kwako, au nilitume kwa posta.

Mdogo wako,
Korbinian


Finsterbach, 25 Julai 1882

Kwa mdogo wangu Korbinian,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Afra amejifungua salama siku sita zilizopita, msichana, kabla ya siku zake kidogo, lakini analia kwa nguvu na shingo yake ni nyembamba. Goti langu ni lile lile.

Toleo lako nililisomea kikanisani Jumapili baada ya misa. Padre aliruhusu, akakaa nyuma. Walikuja karibu wote, na walioshindwa kutembea waliletwa. Nilisoma polepole na kueleza maneno ya kidaktari. Hakuna aliyelia. Mama yake Ottilie aliomba nirudie tarehe. Nikairudia. Akahesabu kwa vidole, akasema wake alikatwa kabla, kwa hiyo wake ulimkata kwa kutojua. Akakaa. Halafu akasimama shangazi yake Ludovika, akauliza, "Na wetu?" Nikamwambia wenu ni baada ya wiki moja. Akasema ahsante, akamshika Ludovika mkono, wakatoka.

Afra alikuwa nyumbani kitandani. Nilimweleza mwenyewe jioni. Ameniuliza kwa nini alipona yeye. Nimemjibu ukweli. Tangu hapo mtoto ananipa kwa mkono mmoja.

Kuhusu sanduku, usilitume kwa posta, wala usilete kwangu. Uje nalo mwenyewe, kwa miguu kutoka stesheni, na upite nyumba kwa nyumba kama baba. Uwatazame shingo, uwashike mikono, uandike ulichokiona. Mkufu wa kila mtu umrudishie mwenyewe mkononi. Usianze kwa tarehe. Anza na ile milango mitano ya baada ya Afra, na wa kwanza uwe wa shangazi yake Ludovika, pale karibu na daraja. Sijui kama atakufungulia. Ukifunguliwa, kaa mpaka Ludovika amalize sentensi yake, hata ikichukua asubuhi nzima.

Ni nyumba kumi na tatu. Hazitakwisha kwa siku moja, na kwangu usiingie mpaka ziishe. Lala kwa padre, amekubali.

Ukitoka kwenye ya mwisho njoo ule. Supu nitakuwekea jikoni, na sitauliza kitu mpaka uinywe.

Dada yako,
Kreszenz